Kipini Chini ya Mfuniko

Sinki la chumba cha vielelezo lilianza kuvuja Ijumaa, na Jumatatu asubuhi fundi bomba alipofika alikuta ndoo mbili zimejaa na ya tatu inaelekea huko huko. Akavua viatu, akakunja suruali, akajilaza chali chini ya sinki. Miguu ikabaki nje kama ya mtu aliyemezwa nusu.

Mwenye chumba hicho alikuwa mama wa miaka hamsini na tisa ambaye jumba zima la makumbusho lilimwita Bibi Chupa. Hakukasirikia jina hilo. Kweli alikuwa na chupa, elfu nne na ushee, kila moja na samaki wake ndani ya spiriti, na kila samaki na kibandiko chake: amevuliwa wapi, lini, na nani. Alikuwa amezitunza kwa miaka thelathini na miwili. Ulibaki mwaka mmoja astaafu, na kazi aliyojipangia mwaka huo ni kubadilisha vibandiko vilivyofifia, kimoja kimoja, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka kama mshono wa cherehani.

Siku hiyo alikuwa amefika rafu ya mwisho, ile ya karibu na dirisha. Ilikuwa na chupa chache tu. Ndiyo rafu ya waliotoweka.

"Mama, nisaidie hiyo spana ndogo," sauti ilitoka chini ya sinki.

Akamsogezea kwa mguu.

Fundi alipomaliza aliinuka, akajifuta mikono kwa tambara, akafungua koki, akaifunga, akaifungua tena kwa majivuno. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Macho yake yakatua kwenye chupa iliyokuwa mezani.

"Na huyu kafanya kosa gani mpaka mkamfunga?"

"Huyo anaitwa kipini," Bibi Chupa alisema bila kuinua kichwa. "Usimguse, fundi. Tunao sita tu, na hakuna wengine duniani."

"Dunia ipi?"

"Hii hii unayoijua."

Fundi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Samaki alikuwa na urefu wa kidole cha kati. Spiriti ilikuwa imemchujusha akawa mweupe kama chokaa, lakini pembeni ya pua yake palisalia doa dogo la manjano. Doa hilo ndilo lililompa jina, maana ukimtazama kwa upande alifanana na mwanamke aliyetoga pua.

"Mama, hawa mbona tunao kule kwenye tangi la zamani la hospitali? Mimi ndiye mwangalizi wa pampu kule, huu mwaka wa tisa. Nikifunua tu mfuniko, hao, wananikimbia. Ila wa kwetu wana rangi zao. Huyu wenu ni kama shati lililosahauliwa kambani."

Bibi Chupa akatabasamu kwa adabu. Maneno hayo alikuwa ameshayasikia mara nyingi. Watu walimletea vidagaa kwenye makopo, kwenye mifuko ya plastiki, hata kwenye birika, wakiapa kwamba wamempata kipini, na kila mara alikuwa samaki mwingine wa kawaida kabisa.

"Fundi, samaki wadogo wote wanafanana ukiwaangalia kutoka juu."

"Sawa, mama. Wewe ndiye msomi." Akaanza kukusanya vyombo vyake. "Lakini samaki gani mwingine mwenye hako kadoa? Tena mvua zikikaribia, doa la dume linawaka, linakuwa rangi ya chungwa. Siku mbili tatu hivi, kisha linafifia."

Kalamu ya Bibi Chupa ikasimama.

Jambo hilo halikuwa kwenye kitabu chochote. Lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la mkusanyaji wa kwanza, mtu aliyekufa kabla Bibi Chupa hajazaliwa, na daftari lenyewe lilikuwa kwenye droo ambayo ufunguo wake aliuvaa shingoni. Mistari miwili kwa penseli: doa la dume huwaka mwanzo wa mvua, halidumu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona likiwaka. Vipini aliowajua ni wale sita wa chupani.

Kisa chake kilikuwa hivi. Miaka kumi na minne nyuma yeye ndiye aliyeongoza msako wa kipini. Samaki huyo hakuwahi kuonekana popote ila kwenye kijito kimoja na chemchemi zake, na kijito kilikuwa kimekwisha: maji yamevutwa mashambani, na yaliyobaki yametiwa samaki wakubwa wa kigeni wanaomeza kila kinachotoshea mdomoni. Kwa miaka mitatu Bibi Chupa na vijana wake walitega nyavu, walipekua mizizi, walichota tope. Sehemu mia mbili na kumi na mbili. Hawakuambulia hata magamba. Mwishowe kamati ikakaa, na yeye akatia saini fomu. Kwenye orodha ya taifa, mbele ya jina la kipini, pakaandikwa neno moja: ametoweka. Baada ya saini ile alichukua likizo ya siku mbili, na aliyejua sababu ni dada yake tu.

"Tangi lipi hilo?" aliuliza.

"La mawe, nyuma ya hospitali, chini ya mteremko. Limejengewa juu ya chemchemi, na lina mfuniko wa chuma."

Bibi Chupa akaiweka kalamu taratibu.

"Unaweza kunipeleka leo?"

"Bora iwe leo. Alhamisi tunalitia klorini. Mhandisi anataka lisafishwe, lisiribwe saruji ndani, kisha lipokee maji ya kisima kipya."

Walikwenda na gari la makumbusho, yeye akiwa amepakata ndoo, wavu wa mkono na tochi kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Fundi aliongea njia nzima. Yeye hakusikia hata neno.

Tangi lilikuwa vilevile alivyolikumbuka: kuta za mawe zilizoota ukoka, na juu yake mfuniko mpana wa chuma uliomomonyoka kwa kutu pembezoni. Fundi akafungua kufuli, akausukuma mfuniko kwa bega, na hewa ya ubaridi ikapanda. Maji, yenye kina cha kimo cha mtu mmoja, yalikuwa maangavu mpaka kokoto za chini zikahesabika.

"Subiri wazoee mwanga," fundi alisema, na safari hii alinong'ona.

Wakatoka mmoja mmoja kutoka kwenye nyufa za mawe. Migongo yao ilikuwa ya kijani cha majani mabichi, matumbo ya fedha, na pembeni ya pua ya kila mmoja, kidoa cha dhahabu. Mmoja akaja mpaka juu, akadona uso wa maji, akageuka akazama. Bibi Chupa alishusha wavu, akauzungusha mara moja tu, akaunyanyua. Alimtia samaki kwenye kikopo cha kioo na kukiinua usawa wa macho. Akahesabu miiba ya pezi la mgongo. Akahesabu tena. Akampa fundi kikopo akishike, akahesabu mara ya tatu.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Akakaa chini pale pale, kwenye ukoka. Fundi alimrudisha samaki majini, akamwangalia mama wa watu kwa wasiwasi.

"Mama, unaumwa? Hospitali ni hapo tu."

"Nilikaa hapa, fundi."

"Wapi?"

"Hapo juu ya mfuniko. Siku ya mwisho ya msako. Tulikuwa tumechoka, vijana wakajilaza kwenye nyasi, mimi nikakaa juu ya chuma hiki nikala mkate. Mlinzi alituambia humu ni maji ya wagonjwa, hapafunguliwi. Nikamwambia hakuna tabu. Nikaandika kwenye fomu: tangi, hapana makazi ya samaki."

Fundi akautazama mfuniko. "Basi labda walikusikia unatafuna," alisema, "wakanyamaza kimya."

Bibi Chupa akaangua kicheko, na kicheko kikamgeukia katikati ya njia kikawa kilio. Fundi akampa lile tambara la kufutia mikono. Lilinuka grisi. Alilitumia hivyo hivyo.

Ofisi ya mhandisi wa maji ilikuwa chumba chembamba kilichojaa ramani na vipande vya mabomba. Mhandisi alikuwa kijana aliyekosa usingizi, mwenye kikombe cha chai kilichopoa mbele yake. Alimsikiliza Bibi Chupa mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavuta pumzi.

"Mama, mimi sina ugomvi na samaki. Lakini nina wodi mbili hazina maji ya uhakika. Moja ni ya wazazi. Wauguzi wanabeba ndoo ghorofani. Nikichelewesha kazi hii, nitawaambia nini?"

"Sikuombi uiache. Nakuomba usitie klorini Alhamisi."

"Kwa msingi gani? Nahitaji karatasi." Akageukia kompyuta, akaitafuta orodha ya taifa, akapandisha na kushusha. "Sheria inasema nisimame nikikuta kiumbe aliye hatarini. Kuna hatarini, kuna hatarini kabisa. Huyu wako..." Akasoma, akakunja uso. "Huyu imeandikwa ametoweka. Aliyetoweka halindwi na kitu, mama. Kisheria hakuna samaki mle ndani. Nani aliyeandika hivi?"

"Mimi."

Mhandisi akamtazama. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama dari.

"Basi wewe ndiye wa kufuta," mhandisi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Niletee barua kabla ya Jumatano jioni, nitasimama."

Siku hiyo Bibi Chupa alirudi nyumbani mapema. Aliishi na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeanza kuwa mzito wa masikio lakini si wa ulimi. Alimkuta barazani akichambua mboga. Akamsimulia yote, na kwa kuwa ilibidi apaze sauti, na majirani nao wakasimuliwa.

"Sasa umeshika tama kwa lipi?" dada aliuliza. "Amefufuka. Si ndiyo furaha?"

"Ni furaha, dada. Lakini kwa miaka kumi na mmoja nimesimama mbele ya watu nikisema hayupo. Nimefundisha hivyo. Kama wangetia klorini mwaka juzi, au mwaka wa kabla, karatasi yangu ndiyo ingewaruhusu."

Dada akang'oa shina, akalitupa. "Nilipokuwa nasahihisha, nikigundua nimempa mtoto sifuri asiyostahili, nilikuwa naita jina lake mbele ya darasa zima. Nilichukia, mdogo wangu. Lakini alama yake alipata."

Jumanne asubuhi Bibi Chupa aliingia ofisini kwa mkurugenzi wa makumbusho na barua mkononi. Mkurugenzi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliolala kwenye nyasi siku ile ya mkate. Alisoma barua, akavua miwani.

"Mwalimu, hii ni kali mno. Tuilainishe. Tuseme taarifa mpya zimepatikana."

"Taarifa si mpya. Fundi anazijua miaka tisa."

"Tuseme basi mazingira ya wakati ule hayakuruhusu..."

"Yaliruhusu. Mlinzi angeniletea ufunguo kama ningemwomba mara ya pili. Sikumwomba kwa sababu nilikuwa nimeshaamua hayupo." Alizungumza polepole, kama anayesoma kibandiko. "Watafiti wengine watasoma barua hii. Wapo walio na mifuniko yao ambayo hawajaifunua. Acha waone jinsi mtu anavyokosea. Andika kwamba nilikosea."

Mkurugenzi akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akachukua kalamu na kuongeza mstari mmoja chini: nami nilikuwepo. Akatia saini.

Barua ikafika kwa mhandisi Jumanne hiyo hiyo, saa nane mchana. Klorini ikarudishwa stoo.

Lakini maji ya wodi nayo hayakuwa jambo la kusubiri, na hapo ndipo fundi alipoonyesha kwamba mdomo wake haukuwa wa porojo peke yake. Alimchukua mhandisi akampeleka nyuma ya jengo la kufulia, akafyeka magugu, akamwonyesha tangi la chuma ambalo halikuwa limetumika tangu mashine za kufulia zibadilishwe, pamoja na bomba lililozikwa kutoka hapo mpaka mita chache kutoka kisima kipya. Mhandisi alikuwa na ramani tano za eneo lile, na bomba hilo halikuwamo hata kwenye moja.

"Wewe ulijuaje?"

"Nililizika mimi," fundi alisema.

Kuliunganisha tangi hilo na kisima kukachukua wiki tatu badala ya moja. Mhandisi alilalamika, wauguzi walilalamika zaidi, na Bibi Chupa alikwenda wodini mwenyewe kuwaeleza kwa nini. Muuguzi mkuu alimsikiliza, mikono kiunoni. "Kwa hiyo nabeba ndoo kwa ajili ya dagaa," alisema. Bibi Chupa akajibu kwamba ndivyo, na akachukua ndoo moja akapanda nayo ngazi. Alipanda nayo kila asubuhi mpaka siku maji yalipofika ghorofani.

Tangi la mawe lilikuwa na ufa chini, na bila kuuziba chemchemi ingeendelea kupungua. Ikabidi vipini wahamishwe kwa siku mbili. Waliwachota kwa nyavu laini, wakawatia kwenye mapipa manne chini ya kivuli, yakiwa na vipampu vidogo vya hewa. Siku ya pili kivuli kilihama, na pipa moja likapigwa na jua kwa saa nzima kabla mtu hajagundua. Samaki kumi na saba walikufa. Bibi Chupa ndiye aliyelipanga pipa lile mahali pale. Aliwatoa mmoja mmoja, akawalaza kwenye kitambaa chenye maji, akaandika hesabu: kumi na saba, kosa langu, kivuli. Fundi alikwenda akayasogeza mapipa matatu yaliyobaki mpaka ukutani, kisha akasimama kando ya Bibi Chupa mpaka jua likazama.

Waliporudishwa tangini, walihesabiwa. Mia moja arobaini na watatu.

Miezi miwili baadaye kamati ya orodha ilikaa. Ilijadili muda mrefu neno la kuandika, na muda mrefu zaidi kama mahali paandikwe. Wapo watu wanaokusanya samaki adimu kama wengine wanavyokusanya saa, na mia moja arobaini na watatu wangeweza kwisha kwa usiku mmoja. Mwishowe mahali pakaachwa bila kuandikwa, na neno likabadilishwa. Bibi Chupa aliipeleka karatasi nyumbani, akamsomea dada yake.

"Hatarini kabisa," dada alirudia. "Yaani ndiyo umempandisha cheo?"

"Nimemtoa kaburini, nimemlaza wodini."

"Mh. Na daktari wake nani?"

Daktari wake alikuwa fundi. Makumbusho ilimpa barua rasmi ya kuhesabu samaki, na daftari lenye safu za tarehe, joto la maji na idadi. Kwa miezi ya kwanza alilalamika kwamba samaki hawatulii, kwamba huyu amemhesabu mara mbili na yule amejificha kwa makusudi. Kisha akabuni mbinu yake: aliweka kigae cheupe chini ya tangi na kuhesabu wanaokatiza juu yake kwa dakika kumi, mara tano. Bibi Chupa alipoijaribu mbinu hiyo alikuta ni bora kuliko yake. Akaiandika kwenye ripoti kwa jina la fundi.

Mvua zilipokuja, fundi alimpigia simu. Hakusalimia. "Mama, njoo na miwani."

Alipofika, mfuniko ulikuwa umeshafunuliwa. Kwenye kina kifupi, karibu na mahali chemchemi inapoingilia, majini vilikuwa vikicheza vitu vyembamba kama ncha za sindano, vyenye macho. Walijaribu kuvihesabu wakashindwa, wakaandika "wengi" kwenye safu ya idadi, jambo ambalo Bibi Chupa hakuwahi kumruhusu mtu kulifanya maisha yake yote.

Alistaafu mwisho wa mwaka huo. Wiki iliyofuata dada alisema naye anataka kumwona huyo samaki aliyeiharibia nyumba nzima amani. Safari ya mteremko ilichukua muda, maana dada alitembea kwa mkongojo na kusimama kila hatua kumi kulaani mawe. Fundi alimpokea kwa heshima zote, akamwita mwalimu, akamshika mkono mpaka ukingoni.

Dada akainama, akachungulia. Vipini walikuwa wakipita juu ya kigae, wawili watatu, bila haraka.

"Ndiyo huyu tu?"

"Ndiyo huyo."

"Mdogo hivi?"

"Mdogo hivyo hivyo."

Dada alibaki ameinama, mikono yote miwili juu ya mkongojo, midomo ikicheza kidogo, akihesabu. Baada ya muda aligeuka nusu, akamwambia fundi, "Baba, hapa hakuna kiti?"

Fundi akaenda kumtafutia.